Unapanda Kilimanjaro? Anza na boksa
Watu wakijiandaa kupanda mlima huhangaikia koti na buti, chupi wanabeba yoyote iliyo kabatini. Tafadhali usifanye hivyo. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia. Ukitoka geti la Machame, mwanzo wa mojawapo ya njia za kupandia, msitu ule una unyevu na joto; ndani ya saa mbili tu boksa imelowa, mapaja yanaanza kuwaka, na ukikaa kupumzika jasho lilelile linakugeuka baridi. Usiku wa kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, hutaki kitambaa kibichi mwilini.

Soma lebo ya ndani: tafuta poliesta au naironi yenye spandeksi (uzi unaovutika) kidogo, au sufu ya merino, ya kondoo wenye manyoya laini, ukiimudu, maana hiyo hata siku ya tatu hainuki sana. Iwe ndefu hadi katikati ya paja. Kisha igeuze ndani nje, upitishe kidole kwenye mshono wa mapajani. Ukihisi unakwaruza, rudisha. Siku sita za kutembea mshono huo utakuchuna ngozi.

Tatu zinatosha. Zivae kwanza nyumbani, utembee saa mbili juani ukiwa na begi mgongoni.