Unataka kuishi kwa udijei? Pitia njia ya Frankie Knuckles

Kama kila siku unawaza kontrola mpya, ile mashine ya kuchanganyia muziki, hebu kaa kwanza umsome huyu dijei wa New York, alianza miaka ya 70 na rafiki yake Larry Levan pale Continental Baths, bafu la umma lililokuwa na disko, hana jina wala nini.

Kwanza, usikatae kazi eti kwa sababu wewe ni chaguo la pili. 1977 Chicago kuna klabu mpya, Warehouse, aliyetakiwa ni Levan, akagoma, ndo akaenda Frankie. Na muziki wa haus (house), ule wa kuchezea klabuni, ukapata jina lake kwenye klabu hiyohiyo!

Sasa hapa ndo penyewe. Julai 1979 disko imechukiwa Marekani mpaka watu wakalipua santuri uwanjani Comiskey Park, hukohuko Chicago, baada ya hapo ngoma mpya za disko zikawa za kutafuta kwa tochi, na wewe dijei kila wikiendi unao watu walewale, utawapigia nini? Frankie akawa anarekodi ngoma za zamani kwenye kanda, anazikata na kuziunga upya, kipande kifupi chenye midundo tu, bila kuimba, anakirudia mpaka kinakuwa kirefu. Fanya hivyo. Chukua wimbo mmoja unaoujua nje ndani, ufungue kwenye programu yako, tafuta zile baa 8 (baa moja ni mapigo manne) ambazo watu hupiga kelele, zirudie, toa sauti ya mwimbaji, besi ifiche kidogo halafu irudishe ghafla. Kisha upige mbele za watu na uangalie miguu yao, sifa za washkaji hazisaidii hapa. Wakienda kukaa, kata tena kesho.

Vifaa ongeza ukishajua vinaenda kufanya nini. Yeye mashine ya biti, TR-909, aliinunua kwa Derrick May wa Detroit, akaitumia kuzipa nguvu ngoma ambazo tayari alikuwa anazipiga.

Ujue pia kuondoka. 1982 Warehouse wakapandisha kiingilio, akatoka, akaanzisha klabu yake, Power Plant. Ila ondoka ukiwa na watu wanaokufuata wewe, sio jengo, vinginevyo utapigia viti.

Baadaye akarudi New York, akafanya rimiksi, yaani matoleo mapya ya nyimbo za wengine, na madijei kina David Morales chini ya kampuni ya Def Mix, na 1998 akabeba Grammy ya rimiksi, miaka 21 toka aende Chicago, kwa hiyo punguza presha. Na wewe ukipewa rimiksi, kabla hujagusa faili andikishaneni: malipo kiasi gani, lini, na jina lako litakaa wapi.