Somo: Kupiga eksirei ya dijitali ya magego

Leo tunapiga picha ya magego mgonjwa akiwa ameuma, ile inayoonyesha taji (sehemu za meno zilizo nje ya fizi) za juu na za chini kwa pamoja. Ndiyo inayofichua kuoza katikati ya meno, mahali ambapo macho na kioo havifiki. Kompyuta itakuongezea mwanga na kukuza, lakini pembe mbaya haiirekebishi. Kazi yote iko mdomoni.

Hatua ya 1. Uliza mgonjwa alipigwa lini mara ya mwisho. Picha ya zamani ikitosha, tumia hiyo. Dozi ya mionzi ni mikrosivati (kipimo cha mionzi) chache tu, lakini udogo huo si ruhusa ya kupiga bila haja.

Hatua ya 2. Fungua faili, hakikisha jina. Vika sensa, yaani kifaa kinachowekwa mdomoni kupokea picha, mfuko mpya wa plastiki. Haiingii kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), kwa hiyo mfuko ndio kinga, na baada ya kazi ifute kwa dawa.

Hatua ya 3. Miwani na meno bandia ya kutolewa yavuliwe.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Sensa ni ngumu na kingo zake huumiza. Wengi huibana kwenye fizi, mgonjwa anaogopa kuuma, picha inaharibika. Isogeze upande wa ulimi, kwenye nafasi, kisha aume taratibu huku akipumua kwa pua. Anayetapika upesi, anza na magego madogo ya mbele.

Sasa tazama mlalo wa mwale wa eksirei: upite sawasawa pale meno yanapogusana. Ukienda upande kidogo, meno hupandana kwenye picha na kuoza kunafunikwa. Ukiona yamepandana, hiyo picha haijibu swali lililokufanya uipige.

Hatua ya 5. Weka muda wa mionzi wa sensa, si ule wa filamu. Simama nyuma ya kinga, bonyeza.

Maswali ya wanachama

*Daktari, mjamzito apigwe?*
Jino likihitaji, ndiyo. Mionzi inayofika tumboni ni kidogo mno. Kuhusu aproni ya risasi (vazi la madini ya risasi la kuzuia mionzi), fuata kanuni za kwenu. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliacha kuipendekeza mwaka 2024.

*Sisi badala ya sensa tunatumia mabamba ya fosfa, yanayohifadhi picha mpaka yasomwe na skana. Hatua ni zilezile?*
Mdomoni, ndiyo. Ila yaskanini mapema, mbali na mwanga, maana mwanga hufuta picha. Na jihadharini: mkizidisha dozi, programu husawazisha na picha hutoka nzuri tu, mgonjwa kapata mionzi ya ziada bila mtu kujua. Andikeni muda mliotumia kila mara.

*Nimeongeza ukali wa picha, nikaona mstari mweusi chini ya jino lililozibwa kwa chuma. Nifungue?*
Usifungue kwa ushahidi huo. Chujio la ukali huchora weusi kuzunguka kitu cheupe. Rudi kwenye picha asilia. Mstari ukitoweka, ni wa programu. Ukibaki, linganisha na picha ya zamani na uchunguze ukingo wa zibo kabla hujashika drili.