Mnataka kujenga kanisa jipya au kupanua la zamani? Anzeni na viti, ramani baadaye

Wapendwa, kamati za ujenzi nilizokaa mimi zote zilianza vilevile, mtu anatoa simu anaonyesha picha ya kanisa zuri aliloliona mahali, vioo mbele, mnara mrefu, wote tunasema amina, na kuanzia hapo tunajadili picha, ibada yetu wenyewe hakuna anayeikumbuka tena. Naomba sana msianzie hapo.

Anzeni kwa kuhesabu. Wekeni mtu mlangoni kila Jumapili kwa miezi miwili hivi, na ndani yake iwepo sikukuu moja, aandike wangapi wamekaa, wangapi wamesimama nje, watoto wangapi, na ibada ya kwanza ikitoka ya pili ikiingia watu wanapishana wapi. Kanisa huonekana limejaa kabla viti havijaisha, ikifika kama asilimia 80 hivi mgeni akichungulia mlangoni anaona hakuna nafasi, anarudi. Kwa hiyo kama watu wenu ni 300 kweli kweli, panga viti kama 375. Na kabla ya kwenda mbali jiulizeni swali ambalo kamati nyingi zinaliogopa, je tukiongeza ibada moja zaidi tatizo linaisha? Kama linaisha kwa miaka mitatu minne, hiyo ni miaka ya kuchanga bila deni, mimi ningeichukua.

Sasa eneo. Mtu mmoja kwenye kiti ukijumlisha na njia za kupita anachukua karibu mita moja ya mraba, mkibanana inashuka kidogo lakini msianze kupanga kwa kubanana. Kwenye benchi mpe kila mtu sentimita 50, na kutoka mgongo wa benchi moja hadi mgongo wa benchi inayofuata acheni sentimita 90 ili mtu aweze kupiga magoti bila kugonga paji la uso. Hapo madhabahu, kwaya, vyombo vya muziki, chumba cha watoto na stoo bado, hivyo vina hesabu yake, na stoo ndiyo kila mtu huisahau halafu viti vya ziada na maspika vinaishia kurundikwa nyuma ya madhabahu.

Kabla msanifu hajachora kitu nendeni kiwanjani na kamba, vigingi na chokaa, mchore kanisa chini kwa ukubwa wake halisi. Bebeni viti mvipange. Mmoja asimame pale mimbari itakapokuwa aongee bila spika, mwingine akae kiti cha mwisho, mama mwenye mtoto mgongoni apite katikati ya safu, mwenye kiti cha magurudumu aende hadi mbele na kurudi. Kwa asubuhi moja tu mtajua mambo ambayo kwenye karatasi msingeyaona.

Na fanyeni zoezi la jeneza, nalisisitiza hili kwa sababu limetukuta. Kanisa letu la kwanza kupanua, mlango wa mbele tuliwekea kibaraza chenye kona, kilipendeza, na siku ya msiba wa kwanza wabebaji sita walifika pale kwenye kona wakashindwa kugeuka, ikabidi jeneza liinamishwe huku familia inatazama. Ile sura ya yule mama mfiwa sijaisahau. Jeneza lina urefu wa mita 2 au zaidi, na watu watatu kila upande wanataka upana wa kama mita 1.5, kwa hiyo njia ya katikati isipungue hapo, mlango mkuu uwe wa pande mbili na ukifunguka wote ufike mita 1.8 ikiwezekana, na kutoka nje hadi mbele ya madhabahu njia iwe imenyooka. Bibi harusi naye atawashukuru.

Milango yote ya watu wengi ifunguke kwa nje na isiwe mmoja, maana moto ukitokea watu wanasukumana na mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki tena. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ni kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele, yaani ngazi tatu za sentimita 15 zinadai rampu ya mita 5.4, ndiyo maana ukiisahau kwenye ramani baadaye haitoshi popote. Wekeni pia ya kupanda madhabahuni, mzee wa kanisa asiyeweza ngazi asiombewe akiwa chini wakati wenzake wako juu.

Sauti ndiyo inaharibu makanisa mengi mapya, na watu wanalaumu mikser, ile mashine ya kuchanganya sauti. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ukiwa na ukuta wa nyuma mgumu, bapa, umbali wa mita 20 kutoka mimbari, neno linakwenda mita 40 hadi limrudie mhubiri, hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, anajisikia mara mbili. Mahubiri yanataka mlio uzime ndani ya kama sekunde moja, kwaya na kinanda vinapenda mbili au zaidi, kwa hiyo amueni mapema kanisa lenu linaishi kwa neno au kwa wimbo, halafu mwambieni msanifu. Ukuta wa nyuma usiupinde kama bakuli, unakusanya sauti na kuitupa sehemu moja. Marumaru kila mahali na kuta za zege tupu zinapendeza kwenye picha ila zinapiga kelele, wekeni kitu laini au chenye matundu ukuta wa nyuma na juu. Paa likiwa bati bila dari nzuri, mvua ikinyesha mahubiri yameisha.

Mwanga nao. Desturi ya zamani ni madhabahu kuelekea mashariki, ni nzuri, ila dirisha la kioo kitupu nyuma ya mimbari linamfanya mhubiri aonekane kivuli cheusi ibada nzima ya asubuhi. Msanifu Tadao Ando kule Ibaraki, Japani, 1989, alikata msalaba kwenye ukuta wa zege nyuma ya madhabahu mwanga ukapita, inagusa moyo kweli, lakini kanisa lile ni dogo na giza lake ni la makusudi, kwenu watu wanasoma Biblia na vitabu vya nyimbo. Leteni mwanga kutoka pembeni na juu. Hewa hivyo hivyo, matundu ya chini ya kuingizia na ya juu ya kutolea, hewa ya moto inapanda yenyewe, ikikosa pa kutokea watu wanasinzia, si kwamba neno halina nguvu.

Kwa wanaopanua la zamani, hamko peke yenu, kanisa la Dura-Europos kule Syria la karne ya 3 lilikuwa nyumba ya kawaida, wakavunja ukuta kati ya vyumba viwili wakapata ukumbi. Ila ninyi msivunje ukuta kabla injinia hajasema unabeba nini. Msingi mpya unatitia kidogo wakati ule wa zamani umeshatulia, kwa hiyo pale yanapokutana jengo jipya na la zamani acheni mwanya mdogo, mkiunganisha kwa nguvu ufa utatokea tu. Ghorofa ya ndani juu ya nguzo za zamani, hapana, hadi zipimwe. Na kurefusha kwenda nyuma kunageuza kanisa kuwa korido, bora kutanua pembeni watu wakae karibu.

Vyoo, vya wanawake viwe vingi zaidi, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Bajeti ongezeni asilimia 10 hadi 15 ya dharura, kupanua ongezeni zaidi maana ukishavunja ndipo unajua kilichomo. Pangeni ramani nzima leo hata kama mtajenga kwa awamu, na paipu za nyaya za spika na projekta zilazwe kabla sakafu haijamwagwa, hata kama vifaa vitanunuliwa miaka mitano ijayo.

Kabla ya plasta, pigeni picha kila ukuta na tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa ndani ya picha, ionekane paipu ya maji iko sentimita ngapi kutoka kona na waya unapita wapi, mziandike jina la ukuta, nakala moja abaki nayo katibu, nyingine fundi, nyingine ikae ofisini kwenye faili moja na ramani.