Gawanya kwa 240 kabla hujasherehekea

Nimefanya kazi ya mishahara miaka 29, na mimi ndiye niliyekuwa naandaa barua za mafao ya wanaostaafu. Kuna dereva mmoja simsahau. Aliishika karatasi yake kwa mikono miwili, akasoma tarakimu za kiinua mgongo huku midomo ikicheza, maana hakuwahi kuona pesa nyingi namna ile zikiwa na jina lake. Nikachukua kikokotoo, nikagawanya kwa 240, nikaandika jibu kwa penseli pembeni.

"Mwanangu, hii ni ya wiki au ya mwezi?"

"Ya mwezi, mzee wangu."

Haikufika robo ya mshahara aliokuwa akilipwa.

240 ni miezi ya miaka 20, yaani tangu ustaafu una miaka 60 hadi ufike 80, Mungu akijalia. Hesabu hiyo ni ya kukuzindua tu, kwa kuwa haijali faida wala mfumuko wa bei. Lakini jioni ile nilijigawanyia ya kwangu, nikakosa usingizi. Nilikuwa na miaka 41. Haya ndiyo niliyoyafanya baada ya hapo, pamoja na nililolikosea kabla.

Anza na daftari. Kwa miezi mitatu andika kila kinachotoka mfukoni, siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa na mstari unaoitwa "mengineyo" uliomeza sehemu ya sita ya mshahara. Mwezi wa pili nikalipiga marufuku neno hilo. Miezi mitatu ikiisha, pitia mistari yote na kalamu nyekundu: weka K penye kitakachokoma ukistaafu, kama nauli ya kazini, ada za watoto na rejesho la mkopo, weka Z penye kitakachozidi. Z zangu zilikuwa dawa, vipimo, na kulipa watu wafanye yale ninayoyafanya leo kwa mikono yangu mwenyewe. Toa K, ongeza Z. Sasa unajua mwezi wako wa uzeeni unagharimu kiasi gani kwa pesa ya leo.

Kutoka hapo tafuta pengo. Tuseme mwezi huo unahitaji 1,000 na pensheni yako itakupa 400. Pengo ni 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka. Zidisha kwa 25, upate 180,000. Hiyo 25 imetokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen. Mwaka 1994 alionyesha, kwa kupitia historia ya hisa na hatifungani za kwao, kwamba mtu akichukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anapandisha kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, akiba ingemtosha walau miaka 30. Asilimia 4 ni sehemu moja kati ya 25, ndiyo maana tunazidisha kwa 25. Ni historia ya nchi moja, kwa hiyo ichukue kama fimbo ya kupimia. Bei zikipanda kwa kasi unakoishi, au ukistaafu mapema, lenga juu zaidi.

Tarakimu hiyo isikutishe ukafunga daftari. Muda unafanya kazi kubwa kuliko mshahara. Anayeweka 1,000 kila mwezi kuanzia miaka 25 hadi 60, kwa faida ya asilimia 7 kwa mwaka, anatoa mfukoni 420,000 na anakuta takriban milioni 1.8. Anayeanza akiwa na miaka 35 anatoa 300,000, anakuta kama 810,000. Ile miaka kumi ya mwanzo, ambayo kila mtu anaiona ya mapema mno, ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya mzigo.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilipobadilisha kazi nikiwa na miaka 34, nilichukua michango yangu yote ya pensheni badala ya kuihamisha. Ilikuwa kidogo, nikajiambia haina maana. Nikanunua makochi. Kila 1,000 niliyoitoa, kwa faida ya asilimia 8, ingekuwa zaidi ya 7,000 nilipofika 60. Makochi yenyewe hata hayapo.

Mfumuko wa bei nao una hesabu ya kichwani: gawanya 72 kwa asilimia yake. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 kila kitu kitakuwa mara mbili. Kwa hiyo pesa ya uzeeni isilale kwenye akaunti inayozaa asilimia 2. Na lile pengo lipigie hesabu upya kila mwaka. Mimi hufanya wiki ya siku yangu ya kuzaliwa, wakati tayari nina huzuni ya umri.

Kuhusu kuweka kwenyewe sina maneno mengi. Lipa kwanza madeni yenye riba kali, tenga matumizi ya miezi mitatu hadi sita kwa dharura, kisha agiza benki ikate akiba siku ileile mshahara unapoingia. Anza na kiasi kisichouma. Kila mshahara ukipanda, nusu ya nyongeza iende kwenye akiba kabla hujaizoea. Kama mwajiri huongeza mchango kulingana na unachoweka mwenyewe, weka hadi kiwango chake cha mwisho, maana hakuna faida nyingine utakayoipata kirahisi hivyo. Na uulize ada. Laki moja ikizaa asilimia 8 kwa miaka 30 inapita milioni moja. Ada ya asilimia 2 ikikatwa kila mwaka, inaishia kama 574,000. Anayekuuzia mpango na hawezi kukutajia ada yake kwa tarakimu, mshukuru uondoke.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza, nami nalijua kwa kuwa nilikaa upande wa pili wa meza. Makato kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba mchango umefika kwenye mfuko wa pensheni. Kila mwaka chukua taarifa ya michango yako, iweke kando ya hati 12 za mshahara, pitisha kidole mwezi kwa mwezi. Nimeona miezi iliyorukwa. Nimeona michango ya mtu ikiingia kwa mwenzake kwa sababu namba ya uanachama ilikosewa tarakimu moja. Nimeona jina lenye herufi moja zaidi ya ile ya kitambulisho likimchelewesha mstaafu miezi minane. Kosa la mwaka jana hurekebishwa kwa barua moja, ila la miaka 20 iliyopita humkuta karani aliyeliandika ameshakufa. Ukiwa hapo, tazama pia jina la mrithi. Wapo waliooa upya na kuacha fomu na jina la zamani.

Siku ya mafao ikifika, usifungue biashara usiyowahi kuifanya. Matumizi ya miaka miwili yaweke mahali salama unapoweza kuyachukua wakati wowote, ili soko likianguka usilazimike kuuza kwa hasara. Zinazobaki zitawanye, na ziendelee kufanya kazi.

Mimi sasa nina miaka 63. Tarehe 25 ya kila mwezi nahamisha kiasi kilekile kutoka akaunti ya akiba kwenda ya matumizi, najiandikia hati ya mshahara kwenye daftari, naweka sahihi. Mwezi uliopita zilikwisha tarehe 21. Nikangoja.