Siki ya nanasi nyumbani: siku saba za kazi, wiki sita za kuiacha

Siki ya nanasi, inayotengenezwa kwa maganda ya nanasi na maji ya sukari, inataka dakika arubaini siku ya kwanza, dakika mbili za kukoroga asubuhi na mbili usiku kwa siku saba, kisha inataka iachwe. Ukilijua hilo mapema, kazi hii inakaa vizuri ndani ya nyumba yenye watoto wa skuli na watu wazima wanaotoka saa moja asubuhi kwenda kazini. Usipolijua, utaianza wiki unayopanda boti kwenda Pemba, maganda yataota ukungu, na mtungi mzima utaishia jaani.

Chagua wiki kabla ya kuchagua nanasi

Tafuta siku saba ambazo mtu mmoja, yuleyule, atakuwepo nyumbani asubuhi na usiku. Kukoroga kufungamanishwe na jambo ambalo tayari linafanyika kila siku: baada ya sala ya Alfajiri wakati maji ya chai yanachemka, na baada ya Isha kabla ya kufunga mlango wa uwani. "Nitakoroga nikipata nafasi" haifanyi kazi, kwa sababu katika nyumba ya watu nafasi haiji yenyewe.

Mwenye kazi ya zamu, hotelini au hospitali, amkabidhi mtu wa pili na amwoneshe kwa mkono namna ya kukoroga. Bandika karatasi yenye visanduku kumi na vinne ukutani, kila anayekoroga atie alama. Watu wawili bila karatasi ni wabaya kuliko mtu mmoja msahaulifu: kila mmoja hudhani mwenzake keshakoroga.

Kama jiko ni la mama mkwe au mnachangia na wifi, omba nafasi kabla ya kuleta mtungi. Sema utakaa wapi na utanuka vipi. Siku za mwanzo harufu ni ya unga unaoumuka, kisha inageuka kuwa ya ukali unaopanda puani. Stoo yenye dirisha au kona ya uwani iliyofunikwa inafaa kuliko jikoni penyewe. Chini ya bati tupu pasipo na dari hapafai, maana mchana joto huko linapita nyuzi 35 na vijidudu vinavyotengeneza siki vinadhoofika.

Anayetaka siki kwa ajili ya achari ya Ramadhani aanze mwanzoni mwa Rajabu. Ana miezi miwili, inatosha hata siki ikichelewa kidogo. Kuanza mtungi ndani ya Ramadhani yenyewe hatushauri. Maganda yatakuwepo mengi kwa sababu ya juisi za futari, lakini ratiba ya usiku inavurugika na kukoroga kunasahauliwa.

Vifaa

Mtungi wa kioo wa lita tano wenye mdomo mpana ndio bora. Ndoo nyeupe ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula inafaa pia. Ndoo iliyowahi kutiwa rangi ya nyumba haifai hata ioshwe mara kumi, kwa sababu tindikali inavuta mabaki ya rangi kutoka kwenye plastiki. Sufuria za alumini, vyombo vya shaba na mifuniko ya bati viwe mbali. Siki inakula madini hayo, na yakishaingia ndani yake hayatoki.

Vinginevyo unahitaji mwiko wa mti usionuka vitunguu, kichujio, kipande cha kanga kuukuu kinachofunika mdomo wa mtungi na kuning'inia, na mpira wa kufungia. Kanga ya pamba imefumwa kwa karibu. Chandarua kina matundu makubwa mno kwa nzi wadogo wa matunda, na nzi mmoja tu akiingia, baada ya siku chache una funza ndani ya mtungi. Kuhusu sisimizi, simamisha mtungi katikati ya sinia lenye maji ya kina cha kidole kimoja na uyabadilishe kila siku mbili, yasije yakazaa mbu.

Siku ya kwanza

Wape watu wa nyumbani nanasi wale. Unachohitaji ni maganda na moyo wa nanasi mbili zilizoiva, za njano, zisizo na sehemu iliyolainika au kuwa nyeusi. Suuza nanasi zima kwa maji kabla ya kumenya, bila sabuni na bila kusugua kwa nguvu, kwa sababu hamira za asili zinakaa juu ya ganda. Kata maganda vipande vya upana wa vidole viwili. Shada la majani tupa.

Chemsha maji lita tatu, yaani chupa mbili za maji za lita moja na nusu, uyaache yapoe. Kuchemsha kunaondoa klorini ya maji ya bomba, ambayo ingedhoofisha hamira. Maji yakiwa bado vuguvugu yatie sukari gramu 300, sawa na robo kilo na vijiko vinne vya chakula vya kusawazisha. Sukari nyeupe inatosha. Sukari guru inatoa rangi nzuri ya kahawia na ladha nzito zaidi.

Hapa ndipo watu wanapopunguza, wakidhani wanaikinga siki isiwe tamu. Sukari yote italiwa. Hamira zinaigeuza kuwa kileo, kisha bakteria wanakigeuza kileo kuwa tindikali, kwa hiyo ukali wa siki unaamuliwa na sukari ya siku ya kwanza. Gramu 100 kwa kila lita zinaweza kukupa siki ya tindikali ya asilimia 5 hivi. Ukitia nusu yake, siki yako itakuwa nusu ya ukali huo, na achari utakayoitengenezea itaoza.

Maji yakishapoa kama maji ya kuoga mtoto, mimina juu ya maganda. Acha nafasi juu kwa ajili ya povu. Kama una siki hai ya zamani, isiyopashwa moto, tia nusu kikombe, kama mililita 150, sasa hivi. Siki nyeupe ya dukani haina vijidudu hai, hivyo haisaidii kuanzishia. Usipokuwa na siki hai usijali, bakteria watakuja wenyewe, ila ongeza wiki mbili kwenye hesabu.

Funika kwa kanga, funga mpira. Usifunge mfuniko hata kidogo: hewa inayozalishwa na hamira ikikosa pa kutokea inavunja kioo.

Siku ya pili hadi ya saba

Koroga mara mbili kwa siku. Lengo lake ni moja: maganda yanaelea, na ganda linalokaa kavu juu ya maji ndilo linaloota ukungu. Yazamishe yote yalowe, kisha funika. Siku ya pili au ya tatu utaona povu jeupe na utasikia sauti ya vipovu vidogo ukisogeza sikio, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Wakati wa kaskazi, joto likiwa nyuzi 30 na zaidi, povu linaweza kwisha siku ya tano. Wakati wa kusi, usiku ukiwa na baridi, subiri hata siku ya kumi.

Kuanzia siku ya tatu kioevu hiki kina kileo, na kinaweza kufika asilimia 5 au 6. Kinanukia vizuri, na watoto wanavutiwa nacho. Andika USINYWE kwa herufi kubwa kwenye mtungi, uweke juu pasipofikiwa na mkono wa mtoto, na wewe mwenyewe usionje. Harufu na povu vinatosha kukuongoza.

Visiwani wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambamo kilevi kilichogeuka siki chenyewe kinakuwa tohara, lakini kilichogeuzwa kwa kutiwa kitu hakiwi hivyo. Ndiyo maana tumesema siki ya kuanzishia itiwe siku ya kwanza, wakati maji bado ni maji ya sukari, na isitiwe katikati ya safari. Na kwa upande wa ufundi pia hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa ukali wake unazuia ukungu tangu mwanzo. Mwenye shaka juu ya hatua yoyote amuulize shekhe wake kabla ya kuanza.

Kuchuja, kisha kuiacha

Vipovu vikikoma, chuja. Kamua maganda kwa mkono safi na uyatupe, au uwape kuku kidogokidogo. Mimina kioevu kwenye chombo kipana ambacho kina chake hakizidi shubiri moja. Bakteria wa siki wanaishi kwa hewa na kazi yao wanaifanya juu ya uso, kwa hiyo chombo chembamba kirefu kinaweza kuchukua muda mara mbili. Funika tena kwa kanga, weka kivulini, na uandike tarehe.

Sasa acha kukoroga. Baada ya wiki moja au mbili utando utatanda juu, kwanza kama ukungu wa pumzi kwenye kioo, baadaye mnene, laini, unaoteleza, kama nyama ya dafu changa. Huyo ndiye mama wa siki. Kila ukitikisa chombo anazama na inabidi mwingine aanze upya, ndiyo maana siki ya mtu anayeichungulia kila siku inachelewa. Hizi ndizo wiki unazoweza kusafiri, kuwa na harusi, kukaa na mgonjwa. Chombo hakikuhitaji.

Jambo moja tu la kuangalia bila kugusa, mara moja kwa wiki: rangi na sura ya kilicho juu.

Utando mweupe, mwembamba, mkavu, wenye mikunjo kama kitambaa kisichopigwa pasi, ni hamira za mwituni. Haudhuru, ila unaharibu ladha. Uondoe kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, ni habari nyingine: mwaga vyote, osha chombo kwa maji yanayochemka, anza upya. Usijaribu kuutoa ukungu na kuokoa cha chini, mizizi yake imeshashuka usikoona. Funza pia ni kumwaga.

Harufu ya rangi ya kucha inawatisha wengi. Inatokea tindikali na kileo vikikutana kabla ya kazi kwisha, hasa hewa ikiwa kidogo. Hamishia chombo mahali penye upepo na usubiri wiki mbili, kwa kawaida inaondoka. Harufu ya yai bovu katika wiki ya kwanza inaondoka kwa kukoroga zaidi.

Kuipima

Wiki ya nne baada ya kuchuja, onja tone moja kama harufu ya kileo imekwisha kabisa. Ukali ushike pande za ulimi. Ulimi hautoshi, lakini, kama siki ni ya achari ya kuweka kabatini.

Chukua siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 na siki yako, mililita 100 kila moja, katika gilasi mbili kubwa. Tia soda ya kuokea robo kijiko cha chai kwa mara moja, koroga, subiri povu litulie, tia tena. Endelea mpaka soda mpya isipotoa povu. Siki ya asilimia 5 inakula gramu 7 hivi za soda, takriban kijiko cha chai kimoja na nusu. Yako ikila robo sita kama ya dukani, imefika. Ikila nne, ukali wake ni asilimia 3 na kidogo: itumie kwenye kachumbari inayoliwa leo, au iache wiki mbili zaidi upime tena. Ikiwa haijapanda, sukari ya mwanzo ilikuwa ndogo na kungoja hakutabadili kitu. Kipimo hiki ni cha kukadiria, kwa hiyo siki iliyo mpakani ichukulie kuwa haijafika.

Kutia chupani

Siki ikifika, usiiache kwenye chombo wazi. Kileo kikiisha, bakteria walewale wanaanza kuila tindikali yenyewe, na siki kali inarudi kuwa maji machachu. Chuja kwa kitambaa, jaza chupa za kioo mpaka shingoni bila kuacha hewa, funga kwa kifuniko cha plastiki. Kwenye lita tatu za mwanzo utapata kama lita mbili na nusu.

Ukitaka ikae muda mrefu bila kuota mama mwingine chupani, ipashe moto kwanza kwenye sufuria ya stili mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vishike chini, kama nyuzi 70, dakika tano, bila kuchemka. Fungua madirisha na watoto watoke, mvuke wake unachoma macho.

Kabla ya kuipasha moto, toa nusu kikombe cha siki pamoja na kipande cha mama wa siki cha ukubwa wa kiganja, uvitie kwenye gilasi, ufunike kwa kanga na uandike tarehe juu yake. Hicho ndicho kianzio cha mtungi unaofuata, na kisiguswe na moto.