Kulala hemani kando ya Ziwa Duluti, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu. Somo la leo ni la kulala msituni kwa hema, na nimechagua Ziwa Duluti kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Lipo Tengeru, wilaya ya Arumeru, kilomita kama 14 kutoka Arusha mjini ukielekea Moshi. Ni ziwa dogo la kasoko, yaani shimo la volkano ya zamani lililojaa maji, na limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Barabara kuu ipo karibu kabisa, lakini ukishaingia chini ya miti honi za malori zinakatika, unabaki na ndege na majani.

Niseme jambo moja mapema, maana somo zima limesimama juu yake: usiku mzuri wa hemani unatengenezwa mchana. Wengi walioniambia walilala vibaya walikuwa na vifaa kunizidi, ila walifika jua likizama. Huku kwetu saa kumi na mbili na nusu jua limekwenda, na saa moja huoni kidole chako. Panga uwe umeshuka mzigo saa nane mchana, saa tisa ikizidi sana.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Septemba ni kukavu lakini kuna baridi. Januari na Februari kuna joto la kutosha na mvua chache. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi na simshauri mgeni wa mambo haya aende: udongo wa huku ukilowa unateleza kama sabuni, na kingo za ziwa zina mteremko mkali.

Hiyo baridi msiidharau. Duluti ipo karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na usiku wa Julai nyuzi hushuka hadi 12 au 13. Mtu wa Dar akisikia 12 anafikiria koti. Fikiria blanketi zito, soksi na kofia.

Hatua ya 2: Ruhusa

Huu ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo kulala ni kwa kibali na malipo. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo, kwa simu au benki, kwa hiyo malizaneni mambo hayo mapema na risiti mtembee nayo. Ukifika langoni, zungumza na askari wa msitu kwa utulivu: muulize wapi panaruhusiwa hema, choo kipo wapi, moto unawashwa wapi. Anajua tawi lipi lilianguka wiki iliyopita na siafu wamepita upande gani. Dakika kumi za kumsikiliza zinazidi maelezo yangu yote haya.

Hatua ya 3: Mzigo

Hema lenye kifuniko cha mvua, turubai ya kutandika chini, mkeka wa sponji, blanketi au begi la kulalia. Tochi mbili, moja ya kuvaa kichwani. Jiko dogo la gesi, sufuria, kisu, kiberiti ndani ya kopo linalofunga. Dumu la maji ya kunywa na kupikia, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Dawa ya mbu ya kujipaka. Karatasi za chooni. Mfuko imara wa kurudishia taka, ila si wa plastiki ile ya kubebea bidhaa, hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Sponji nalisema mara mbili. Baridi ya hemani inatoka chini. Unaweza kujifunika blanketi tatu, lakini ubavu uliogusa ardhi utaamka umekufa ganzi. Kama huna sponji, kata maboksi ya katoni, panga tabaka tatu, weka mkeka juu. Yanafanya kazi.

Hatua ya 4: Pitia sokoni

Ukienda Jumatano au Jumamosi, ni siku za soko la Tengeru. Shuka hapo kwenye hiace, nunua ndizi, parachichi, nyanya, karoti na vitunguu kwa bei ya mkulima, kisha chukua bodaboda hadi langoni. Nyama nunua ile utakayoipika jioni hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kusoma kiwanja

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo usiku unapoamuliwa.

Kwanza angalia juu. Tawi kavu lililoning'inia halihitaji upepo mkubwa, linaweza kushuka usiku mtulivu kabisa. Halafu angalia ni mti gani. Mkuyu una kivuli kizuri na kila mgeni anaukimbilia, lakini ukiwa na matunda usilale chini yake. Nililala mara moja. Kuanzia saa tatu usiku popo walianza kuja kula, na kuyu zikawa zinadondoka juu ya hema, tap, tap, moja moja, mpaka alfajiri. Popo walipoondoka wakaja tumbili. Asubuhi hema lilikuwa na madoa ambayo hadi leo hayajatoka.

Kisha inama. Chuchumaa kabisa, uangalie ardhi kwa karibu kama unayetafuta sindano. Unatafuta kimfereji chembamba, upana wa kidole, kilichosuguliwa kikawa laini kwenye udongo. Hiyo ni njia ya siafu. Inaweza kuwa tupu mchana na ikajaa usiku, hasa baada ya mvua. Fuata inakoelekea, uhame mbali nayo. Angalia pia majani makavu yalivyolala: yakiwa yamejipanga mstari mmoja upande mmoja, hapo maji yalipita mvua iliyopita, na yatapita tena.

Mwisho lala chini chali, pale pale utakapolala usiku, dakika mbili. Jiwe au mzizi utausikia. Kama kuna mwinuko kidogo, kichwa kikae juu.

Usikaribie maji sana. Najua kila mtu anataka kufungua zipu ya hema aone ziwa, lakini ukingoni kuna mafunjo na matete, kuna mbu, kuna kenge wanaopita kuota jua, na umande ni mwingi. Hatua hamsini nyuma unaona ziwa vilevile na unalala mkavu.

Hatua ya 6: Kusimamisha hema

Tandaza turubai ya chini, juu yake hema. Sasa kagua kingo: turubai isitokeze nje ya hema hata inchi moja. Ikitokeza, mvua itadondokea juu yake na kuingia chini yako, utalala kwenye beseni. Kunja kingo kwa ndani.

Vigingi vipigwe kwa kulala, kichwa cha kigingi kikitazama nje ya hema, ndipo kamba inapovuta kinazidi kushika. Udongo wa volkano ni laini, kigingi kilichosimama wima kinang'oka na upepo wa kwanza. Kifuniko cha mvua kivutwe kisigusane na kitambaa cha ndani. Vikigusana, unyevu unapita. Na funga zipu muda wote, hata unapotoka dakika moja kuchukua sufuria.

Hatua ya 7: Moto na chakula

Kuni za msituni haziokotwi, hata zile kavu zilizolala chini. Mti uliooza ni nyumba ya wadudu, na wadudu ni chakula cha ndege ambao ndio mmekuja kuwatazama. Jiko la gesi linatosha. Kama askari amewaruhusu moto, njooni na mkaa au kuni za kununua, tumieni pale pale palipokwisha kuungua, na mkimaliza mwageni maji, mkoroge majivu kwa kijiti, mmwage tena, mpaka mkono ukae juu yake bila kuhisi joto.

Usipike ndani ya hema kamwe, wala usiingize jiko la mkaa upate joto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Watu wamelala na hawakuamka.

Pikeni kukiwa na mwanga, mle, vyombo vioshwe mbali na ziwa, chakula chote kirudi kwenye ndoo yenye mfuniko au ndani ya gari. Tumbili wa Duluti wanajua zipu ya begi, niaminini.

Hatua ya 8: Usiku na asubuhi

Nendeni chooni mapema, kwa pamoja. Kisha zimeni tochi mkae robo saa bila kusema. Masikio yakizoea mtaanza kutofautisha sauti: vyura ukingoni, samaki akiruka, kitu kidogo kikitembea kwenye majani. Mtu akishajua sauti hizo akiwa macho, hazimshtui saa nane za usiku. Kwa watoto hii inasaidia kuliko maneno yote ya kuwatuliza.

Amkeni saa kumi na mbili kasoro. Hiyo ndiyo saa ya Duluti. Maji yanatoa mvuke, mnandi wanakaa na mabawa wazi wakikausha manyoya, na furukombe akilia mara moja ziwa zima linaitika. Mlima Meru huonekana kabla mawingu hayajaufunika, na siku njema hata Kilimanjaro. Tembeeni ile njia inayozunguka ziwa kabla ya chai, taratibu.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wawili, Moshi: Shikamoo kaka. Watoto wangu wana miaka sita na tisa. Je, ni wadogo mno?

Marahaba dada. Si wadogo. Hofu yangu ni ukingo wa maji tu, kwa sababu mteremko ni wa ghafla na maji ni ya kina. Wekeni mpaka wa kamba au mti fulani ambao mtoto havuki bila mtu mzima. Na kwa usiku wa kwanza kabisa, walaze hemani nyumbani uani. Wakizoea zipu na giza pale, Duluti watalala vizuri.

Kijana wa Dodoma: Naweza kuogelea?

Mdogo wangu, nakuomba usiogelee. Mbali na kina, maji yaliyotulia yenye majani na konokono ukingoni katika nchi yetu ni ya kuogopa kichocho. Ukitaka kuwa majini, ulizia mtumbwi wa kukodi, na uvae boya hata kama unajua kuogelea.

Mwanachama wa Singida: Kwa nini nibebe maji yote hayo? Si nichemshe ya ziwani?

Kuchemsha kunaua vijidudu, ni kweli. Lakini maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi, ndiyo maana utaona wenyeji wengi wa Arumeru wana meno ya kahawia. Floridi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki na kuzidi makali. Usiku mmoja hautakudhuru, ila sioni sababu ya kuanza. Beba dumu.

Dada wa Nairobi: Tunakuja wanne kupitia Namanga. Kuna kingine cha kuona karibu tukipata siku ya pili?

Karibuni sana. Kutoka Namanga hadi Arusha ni kilomita kama 110, mkivuka mpaka asubuhi mtafika kwa wakati. Siku ya pili, hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapoland. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia kambi za Urusi, waliishi Tengeru, na waliofia huku wamezikwa pale. Mimi hupita nikitoka ziwani. Kusoma majina ya watoto kwenye mawe yale, mbali hivyo na kwao, kunanikaa moyoni kila mara.

Mwanachama wa Arusha: Siafu wakiingia usiku nifanyeje? Majivu yanasaidia?

Majivu yanawageuza kidogo wakiwa wachache. Msafara mzima hausimamishwi na majivu. Usipigane nao. Vaa viatu, toka, ondoa watoto kwanza, sogea mita thelathini, subiri. Wanapita, wanakula mende na buibui waliopo, wanaondoka. Kung'uta kila kitu kabla ya kurudi ndani.

Kaka wa Mwanza: Sisi tukitoka huwa tunabeba spika. Kuna ubaya?

Upo, ndugu yangu, na nakuambia kwa upendo. Ziwa hili ni bakuli, sauti ya upande mmoja inafika upande wa pili yote. Nimewahi kuona kundi moja likifungulia muziki alfajiri, na furukombe aliyekuwa juu ya mti karibu yetu akaondoka, hatukumwona tena siku ile. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja na wajukuu zake kwa ajili ya ndege huyo. Spika iache kwenye gari.

Mwanachama wa Iringa: Hema langu ni jipya, lakini kila nikiamka ndani kumelowa na mvua haikunyesha. Limeshavuja?

Halijavuja. Hayo ni pumzi zenu. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya kitambaa kilichofungwa, unyevu unagota kwenye ukuta wa baridi na kuwa matone. Acha madirisha ya juu wazi kwa vidole vinne, pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, neti ibaki imefungwa. Nguo zilizolowa usilale nazo ndani. Asubuhi futa kwa kitambaa kikavu, geuza hema juani mpaka likauke, ndipo ulikunje. Likikunjwa bichi litaota ukungu, na ule ukungu hautoki.