Mashine ya gemu za zamani: chagua programu kabla ya kumwita seremala

Wengi wanaonifuata hapa Uyole, Mbeya, huwa wameanza na boksi la mashine. Plaiwudi ya Mafinga imeshakatwa, seremala ameshalipwa, vitufe vimeshafungwa, ndipo wananiuliza: sasa ndani niweke programu gani? Naomba wewe uanze na swali hilo. Jibu lake ndilo litakalokuambia ununue kompyuta ipi na utoboe matundu mangapi.

Hatua ya 1: Andika gemu kumi unazozitaka kweli. Ziandike kwenye karatasi. Pac-Man ya 1980 inataka mkono wa kuongozea tu. Street Fighter II ya 1991 inataka vitufe sita kwa kila mchezaji, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke. Gemu za miaka ya 80 zinachezeka karibu kwenye kompyuta yoyote. Ukitaka zile za 3D za mwishoni mwa miaka ya 90, unahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta kompyuta. Mafunzo mengi yanaanza na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ni nzuri, ila kwa huku kwetu naona desktop ya mtumba yenye prosesa ya Core i5 na RAM ya GB 4 ni rahisi kuipata na rahisi kuitengeneza. Ikifa pawasapulai, unazunguka Mwanjelwa na kurudi na nyingine siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Chagua programu. Hapa usiharakishe. Majina utakayokutana nayo sana ni RetroPie, Lakka na Batocera. Zote ni za bure, na zote hubeba ndani yake programu nyingine zinazoigiza mashine za zamani, kama MAME, iliyoanza mwaka 1997, na FinalBurn Neo.

Kinachozitofautisha kwa mtu wa Mbeya ni umeme. RetroPie hukaa juu ya mfumo wa kawaida wa Raspberry Pi, ambao huandika kwenye memori kadi wakati wote. Niliwahi kumfungia mteja wa Tukuyu mashine ya namna hiyo. Jioni moja ya mvua umeme ulikatika mara tatu, na kesho yake mashine haikuwaka tena: maandishi meupe kwenye kioo cheusi, basi. Kadi ilikuwa imeharibika. Niliumia, kwa sababu watoto wake walikuwa wameisubiri kwa miezi.

Batocera na Lakka zimejengwa tofauti. Mfumo wenyewe umefungwa kama faili moja la kusomwa tu, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hatari ya mfumo kuharibika ni ndogo zaidi. Kati ya hizo mbili mimi nachukua Batocera, maana menyu yake inaeleweka hata kwa mtoto, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya ndani ya kompyuta.

Hatua ya 4: Iandike kwenye fleshi. Pakua faili la Batocera la kompyuta za biti 64. Linazidi GB 2, kwa hiyo jipange na bando. Liandike kwa balenaEtcher, programu ya kuandikia fleshi, kwenye fleshi ya GB 16 au zaidi, ambayo haina kitu chako cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Kulikopi tu hakutoshi, kompyuta haitawaka. Kisha washa ukibonyeza F12 (Dell) au F9 (HP) na uchague fleshi.

Hatua ya 5: Linganisha faili za gemu na programu. Kila toleo la MAME lina seti yake ya faili za gemu. Gemu ikionyesha weusi sekunde mbili kisha ikakurudisha kwenye menyu, mara nyingi sababu ni hiyo. Acha faili zikiwa zip, usizifungue. Gemu za mashine ya zamani ya Neo Geo, kama Metal Slug, zinahitaji pia neogeo.zip, faili la mfumo wa mashine hiyo, pembeni yake. Ikigoma bado, badilisha kiigizaji kwenye mipangilio ya gemu hiyo: jaribu FinalBurn Neo badala ya MAME.

Gemu hizi zina wenyewe. Tovuti ya MAME inatoa chache kwa ruhusa, kama Gridlee. Anza nazo kujaribia. Na kama unataka mashine ya kulipisha watu kibandani, ujue leseni ya FinalBurn Neo hairuhusu biashara.

Hatua ya 6: Panga vitufe. Select ndiyo ya kuingiza sarafu, Start ndiyo ya kuanza. Hakikisha ipo njia ya kutoka kwenye gemu bila kibodi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufunga boksi. Weka nakala ya faili zako pembeni, cheza nusu saa, kisha chomoa waya ukutani gemu ikiwa inaendelea. Washa tena. Fanya hivyo mara tano. Ikiwaka zote tano na gemu zote zipo, mpigie seremala, na mwambie mlango wa nyuma auwekee bawaba, si misumari.